Mwaka wa Miche Iliyojikunja

Asubuhi ile nilifunua nyasi za kitalu nikakuta nyanya zimejikunja. Hazikuwa zimekauka, wala hazikuwa zimeliwa na mdudu. Zilikuwa zimejisokota kuanzia shingoni, majani yamejifunga kwa ndani kama vidole vya mtu aliyeshika kitu na hataki kukiachia, na shina limelala upande mmoja kama linatafuta njia ya kurudi ardhini. Nikakimbia kwenye tuta la pili, la kabeji, nikafunua. Ni vile vile. Tuta la tatu, vile vile. Miche ya nyumba kumi na nne, miche ambayo tulikuwa tumeilinda na jua, na kwale, na mvua ya mawe, ilionekana imeharibika yote, mimi nimesimama katikati na konzi ya nyasi mkononi. Mwaitu Syombua, yaani mama yetu kwa Kikamba, alitoka jikoni bila viatu. Akapiga magoti kwenye umande, akainua jani moja, akalinusa. Hakulia wala hakunigombeza. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Ulisuuza pampu mara ngapi?" Nikasema tatu. Akageuza macho polepole akatazama mtungi wa maji uliokuwa umeegemea ukuta, umejaa hadi shingoni, haujapungua hata kikombe tangu nilipoutoa mtoni siku tatu nyuma. Akaurudisha uso wake kwa lile jani. "Haya," akasema. Nimebeba hiyo "haya" karibu miaka thelathini.

Tumemzika mwezi uliopita. Ndiyo maana ninaandika, na ninaandika mwenyewe ingawa shule niliiachia darasa la tano; binti yangu amenirekebishia nukta, maneno hakuyagusa. Pale mazishini, Kyalo, aliyekuwa cheamani wa mwethya yetu ule mwaka, alipewa maikrofoni kwa sababu ni mzee na kwa sababu hajawahi kunyimwa. Akamsifu mama vizuri, sauti ikitetemeka pale inapotakiwa kutetemeka. Halafu akasema, "Mama alikosea mara moja, ule mwaka wa miche, lakini sisi mwethya tulimsamehe." Watu wakatingisha vichwa kwa utaratibu. Mimi nilikuwa nimeshika sinia ya vikombe. Niliiweka chini ili isidondoke. Tulimsamehe, alisema. Nataka basi nieleze huo mwaka ulikuwaje, nani alikosea na nani alisamehe nani, halafu kila mtu aangalie mwenyewe.

Nilifika kwa Syombua mwezi wa saba, mwaka wa tisini na sita, nikiwa na miaka kumi na minane, na sababu zilizonifikisha si habari ya leo. Nilikuta baridi ile ya Machakos ya mwezi wa saba, ukungu umelala bondeni hadi saa nne, na mama mmoja mfupi mwenye kifua kipana akiniambia niingie jikoni kwanza, maneno ya kwa nini nimekuja tutayaongea nikishapata joto. Hatujayaongea mpaka amekufa. Jiko lake lilikuwa la udongo, limepakwa majivu mpaka kuta zikawa za kijivu laini kama ngozi ya punda, na mlango wake ulikuwa wa mabati, umeshikwa na bawaba mbili za vipande vya tairi. Juu ya mafiga, kwenye moshi, kulikuwa kumening'inia vibuyu saba, vidogo, vimezibwa na gunzi la mahindi. Nilidhani ni vya maziwa. Usiku wa kwanza nilikula muthokoi, mahindi yaliyotwangwa yakatolewa maganda, uliopikwa na kunde mpaka nikaona haya, na yeye akaendelea kunipakulia akisema mtu mwembamba hawezi kufukuza hata kuku. Asubuhi akateremsha kibuyu kimoja, akakitikisa karibu na sikio langu. Ilikuwa mbegu. "Moshi unafukuza dumuzi," akasema, "lakini ukizidi unaua kilicho ndani. Kila kitu hapa kinafundishwa kiasi." Nilikuwa nimelala chini ya chakula cha mwaka mzima cha nyumba kumi na nne, na hakuna aliyeniambia nisiguse. Mtu ambaye hujamjua hata siku mbili akakuamini hivyo, unamshukuru mpaka unazeeka.

Wasiojua wacha niwaambie mwethya ni nini. Ni kundi la kazi. Leo tuko shamba la huyu, kesho la yule, jembe kwa jembe, na hakuna anayelipwa ila kwa zamu yake. Yetu ilikuwa na wanawake wengi na wanaume watatu, na wanaume watatu walikuwa na vyeo vitatu. Kila mtu alikuwa na kipande chake kando ya mto, ule mto ambao maji yake yako chini ya mchanga, unachimba mpaka kiunoni ndipo unateka. Lakini miche ililelewa pahali pamoja, nyuma ya jiko la Syombua, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na mkono. Watu wa kwetu wanaelewa nikisema mkono. Kuna mtu akipanda, kinaota; na kuna mtu anapanda mbegu ile ile, siku ile ile, kinakufa. Wa kwanza tunasema mkono wake ni baridi, wa pili tunasema unaunguza. Mbegu ya kwanza ya msimu iliwekwa na mkono wa Syombua, hata kwa shamba la cheamani, na hakuna kitu kingine alichokuwa nacho duniani kilichowafanya watu wamvulie kofia. Hakuwa na ng'ombe. Hakuwa na mume. Alikuwa na huo mkono.

Mwezi wa tisa tulipanda kitalu. Alinifundisha kusimamisha miti yenye panda, urefu wa goti, kulaza fito juu, na kutandaza nyasi kavu ziwe kivuli. Saa nne tunafunika, saa kumi tunafunua, kwa sababu jua la Machakos la mwezi wa tisa haliangalii kitu kimezaliwa lini; usiku tunafunika tena hadi asubuhi kwa ajili ya kwale. Mimi nikadhani kivuli kingi ndiyo mapenzi mengi. Siku kadhaa sikufunua, nikasema ipumzike. Halafu akaniita nione: miche imerefuka, imekuwa myeupe, shingo nyembamba. "Unaona? Inachungulia ukuta kama mtu anayependa umbea," akasema. "Mche ukifunikwa sana unatafuta mwanga mpaka unasahau mizizi." Basi tukaanza kupunguza nyasi kidogo kidogo, leo konzi moja, kesho mbili, mpaka ile wiki ya mwisho mche unasimama juani kutwa nzima na hausinyai. Nimeolewa, nimeachika, nimezaa, na mambo mengi niliyoambiwa kuhusu maisha nimeyasahau. Hilo la konzi ya nyasi sijasahau. Nafikiri na mimi alinifanyia hivyo hivyo, ananipa kazi ngumu zaidi kila wiki, bila kuniambia.

Adui wa kwanza alikuwa yule mdudu mnene mweusi anayekata shina. Unaamka unakuta mche umelala chini, umekatwa sawasawa kama kwa makasi, wala hakuuvuta akaula wote, ni uharibifu tu. Syombua hakupoteza maneno naye. Aliingiza kidole udongoni, hatua ya kidole kimoja kutoka kwenye shina, akamtoa, amejikunja kama pete, akamtupia kuku. "Hana akili ya kwenda mbali," aliniambia, "aliyefanya kitu kibaya mara nyingi amelala hapo hapo." Nilicheka wakati ule. Halafu tulivisha kila mche wa nyanya kola. Tulikata magazeti ya zamani, vipande vya vidole viwili, tukazungushia shingoni, nusu ndani ya udongo na nusu nje, ili mdudu akija akutane na ukuta. Nilikuwa nimeacha kusoma kwa miaka sita. Nikawa napiga magoti pale nasoma shingo za nyanya: hapa "Waziri awao", hapa "uza trekta", hapa "bila kujali", na Syombua, ambaye hakujua a wala be, ananiuliza huyu anasema nini, na huyu. Tulikuwa tunaunganisha maneno ya miche miwili mitatu tunapata habari zetu wenyewe. Miche mitatu pamoja ilisema Waziri ameuza trekta bila kujali. Tulicheka mpaka akakaa chini. Kusoma kwangu kulirudi hapo, na hata hizi kurasa ni deni la zile kola.

Mwezi wa kumi ukaingia na joto la kukatisha tamaa. Mchana mmoja mawingu yakaja kutoka upande wa vilima, meusi lakini na rangi fulani ya kijani ndani yake, na Syombua akatupa ungo aliokuwa akipepetea. Alijua ile rangi. Tulirusha magunia juu ya matuta mawili. Tuta la tatu, la nyanya, magunia yakawa yameisha. Akasema, "Mlango," na kabla sijaelewa alikuwa ameshang'oa bawaba za tairi kwa panga. Tukaubeba ule mlango wa mabati, yeye upande huu na mimi ule, tukapiga magoti na kuuweka mabegani juu ya nyanya. Mvua ya mawe ikaanza. Sijui nikuambie nini kuhusu ile sauti. Ilikuwa kama mtu anamimina mahindi makavu ndani ya kichwa changu. Mawe yaliteleza kutoka kwenye mlango yakatupiga vidole, na shingo yangu ililia. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa, macho yake yako sentimita chache kutoka kwa miche, na nilimsikia anaongea, si na mimi na si na Mungu, anaongea na nyanya. Anaziambia zivumilie, ni wageni hawakai. Ilipoisha tulishindwa kusimama, tukasaidiana. Jiko lilikuwa limejaa maji kwa kukosa mlango, moto umezimika, muthokoi umeelea. Tulikula hivyo hivyo, wa baridi, vidole vimevimba, na akasema hajawahi kula chakula kitamu hivyo. Hata mimi. Ule mlango ukabaki na mabonde madogo madogo, kama uso wa mtu aliyepona ndui.

Baada ya mawe majani yakawa na majeraha, na baada ya majeraha wakaja chawa wa mimea, wale wadogo wa kijani wanaojaa chini ya jani. Syombua alitaka kuendelea na majivu. Unayanyunyiza alfajiri wakati umande uko, yanashika. Jioni pilipili iliyopondwa na maji ya sabuni. Alikuwa anashinda, polepole. Lakini miche ilibaki wiki mbili ihamishwe na watu wakaanza kuogopa. Kyalo akaita kikao akasema majivu ni mambo ya wazee, kuna dawa ya wadudu dukani, na kundi lina pampu mpya ya nini kama haitumiki. Pampu, nieleze, ilikaa nyumbani kwa cheamani, hiyo ndiyo ilikuwa heshima ya cheo chake. Syombua alikubali kwa sharti moja, akalisema mbele ya wote: pampu isuuzwe mara tatu kabla ya kuingia dawa, kwa maji safi na sabuni, kwa sababu hajui imetoka wapi. Kyalo akacheka, "Kwani imetoka disko, mwaitu?" Watu wakacheka. Sharti likapita.

Siku ya kupiga dawa Syombua hakuwa nyumbani. Alikuwa ameenda Machakos mjini, hospitali, kwa ajili ya jicho, ameondoka mapema na angerudi jioni. Hilo nataka likumbukwe: hakuwa nyumbani. Aliniachia sabuni kwa kibuyu na akaniambia, tatu, na mimi nikateka mtungi mzima wa kusuuzia, nikaupandisha kutoka mtoni na mgongo wangu. Kyalo akaleta pampu mwenyewe. Akaiweka chini, akavuta kigoda, akaomba uji, nikampa kwa kikombe cha bati. Nilipofungua kifuniko cha pampu harufu ikanipiga. Haikuwa harufu ya dawa ya wadudu niliyoijua. Ilikuwa kama ile ya sakafu ya wodi, kali, tamu kidogo. Nikanyanyua mtungi.

"Unafanya nini, mwana wakwa?" akauliza.

Nikasema nasuuza.

"Nimeiosha."

Nikabaki nimeinama na mtungi. Nikasema, kwa sauti ya chini, kwamba mwaitu alisema tatu. Akanywa uji, akapangusa mdomo.

"Mimi ni rika la baba yako. Nimekuambia nimeiosha. Sasa ukiiosha tena mbele yangu, unaniambia nini?"

Aliyelelewa mjini ataona huu ni upuzi. Kwetu, mzee akikupa kibuyu akasema ni kisafi, ukikisuuza machoni pake umemwita mwongo, na umemwita mchafu, na hata mama yako aliyekuzaa umemtukana kwa malezi. Nilijua sharti la Syombua na nilijua hiyo heshima, na vyote viwili vilikuwa vimesimama mbele yangu na mmoja tu ndiye aliyekuwa anakunywa uji. Nikaweka mtungi chini. Nikachanganya dawa na maji ya ndoo ya jikoni kama ilivyoandikwa kwenye chupa, ambayo niliweza kuisoma, nikavaa pampu, nikapiga matuta yote matatu kutoka juu hadi chini. Kyalo akamaliza uji, akasema unafanya kazi nzuri, akaenda zake. Dawa iliniishia kwenye pembe ya mwisho ya tuta la kabeji. Siku ya tatu miche ikajikunja.

Kikao kilikaa nje ya jiko, saa nane mchana. Mimi nilikuwa ndani natwanga mahindi ya muthokoi wa wageni, na ukuta wa udongo ulikuwa na ufa nilioweza kuingiza kidole. Nikaacha kutwanga. Niliwasikia wakiuliza, sauti juu ya sauti, nani alipiga. Mmoja akasema si ni yule msichana, wametuletea mtu hatujui ametoka wapi, labda ndiye mwenye mkono wa kuunguza. Mwingine akasema afukuzwe kabla hajagusa kingine. Sikuwa na pahali pengine pa kwenda, na Syombua alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Nikasikia kigoda kikisogea.

"Si yeye," Syombua akasema. "Ni mimi nilipiga. Nilizidisha dawa. Macho yangu hayaoni vizuri tena."

Kwa ule ufa nilimwona Kyalo. Alikuwa ameketi mkabala naye kabisa. Huyu ndiye aliyekunywa uji wangu. Alijua mama alikuwa hospitalini ile siku, alijua nani alivaa pampu, alijua alichoniambia. Alikuna kidevu. Alitazama miche, akatazama chini, akasema, kwa huruma nyingi, "Basi, mwaitu, tutafanya nini. Mkono umezeeka." Na hivyo ndivyo lilivyoamuliwa. Hakupigwa wala hakutozwa kitu. Walisema tu kwamba asipande tena kitalu cha mwethya, na asiweke mbegu ya kwanza kwa shamba la mtu. Na mimi je. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta na mchi mkononi, na hatua nne zilitosha kunifikisha mlangoni. Sikuzipiga. Nilisema nitawataja waliokosea, na jina langu, Mwikali, liandikwe pia.

Walipoondoka aliingia akaniambia muthokoi hautajitwanga. Nikaanza kulia nikitaka kusema, akaniwekea mkono mdomoni, ule mkono, wenye harufu ya majivu. "Nilijua ni mara ngapi," akasema. "Niliona mtungi. Miche hufa, Mwikali. Wewe uko." Kesho yake tulikwenda kwenye ile pembe dawa ilipoishia. Tulikuta kabeji kumi na moja nzima, na kando yake, ukingoni mwa tuta lililopakana nalo, nyanya tatu ambazo hazikujikunja sana. Tukazihamishia nyuma ya jiko, kwenye masufuria yaliyotoboka. Msimu wote ule, wakati watu wanapita njia ya mbali ili wasisalimiane naye karibu na mashamba yao, alinifundisha kila kitu kwenye hiyo miche kumi na minne. Jinsi ya kuinamisha sikio uusikie udongo ukiitikia maji. Wakati wa kuwacha chawa kidogo ili wale wadudu wadogo wekundu wenye madoa wapate chakula na wakae. Jinsi ya kukamua mbegu ya nyanya, kuiacha ichachuke siku mbili, kuiosha, kuikausha kwenye majivu. Nilikula kwake, nililala kwake, na hakuna siku hata moja alinitajia nilichomgharimu. Zile nyanya tatu zilizaa. Mbegu yake ninayo hadi leo kwenye kibuyu juu ya moshi wangu, na wanaonunua miche kwangu hapa Machakos wananiambia nina mkono. Nawaambia huu si wangu.

Ukweli nilikuja kuujua baadaye, miaka ya elfu mbili na kitu, nikifanya kazi kwenye shamba moja upande wa Athi River, ndani ya nyumba za nailoni. Huko ndiko kifua changu kilikoharibika kwa dawa, lakini hiyo ni kesi nyingine na watu wengine. Kulikuwa na pampu nyekundu na pampu za bluu, na mtu akichanganya anafutwa. Siku moja tuliingia tukakuta mistari miwili ya nyanya imejikunja, majani yamejifunga kwa ndani, shina limejisokota shingoni. Msimamizi hata hakuinama. Aliuliza tu, "Nani ameweka dawa ya wadudu kwa pampu ya kuua majani?" Alinieleza, kwa sababu nilimuuliza, kwamba dawa ya magugu inajificha kwenye mpira wa pampu, na mabaki kidogo tu yanatosha, na nyanya ndiyo inayoumia kwanza. Na harufu yake, nikauliza. Akaniambia ninuse mwenyewe. Ilikuwa ni sakafu ya wodi. Ndipo nikakumbuka kitu nilichokiona na sikukielewa: wiki ile ile ya miche, magugu yote kati ya mistari ya kahawa ya Kyalo yalikuwa yamekauka yakawa ya njano, na watu wakimsifu kwamba amelima haraka.

Siku ya mapumziko iliyofuata nilipanda gari nikaenda kwa Kyalo. Nilimkuta uani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatabasamu. "Pampu ya mwaka gani hiyo, Mwikali? Si mama mwenyewe alisema ni yeye?" Nikashuka kwa Syombua nikamwambia yote. Alikuwa anachagua kunde. Aliendelea kuchagua. Akasema ameshajua tangu aliponusa lile jani, mtu aliyekaa na mimea haambiwi. Nikamwambia basi twende tukaseme. Akakataa. Akasema alitoa neno lake mbele ya mwethya kwamba ni yeye, na nikilifungua akiwa hai nitamfanya mwongo katika uzee wake, baada ya kuwa ameshaitwa kila kitu kingine. "Ngoja nilale kwanza," aliniambia. "Nikishalala, mdomo ni wako."

Amelala. Pale mazishini walikuwa wameng'oa mlango wa jiko wakaulaza juu ya mawe kuwa meza ya vyakula, na mimi nikawa napanga sahani juu ya yale mabonde, moja baada ya nyingine, nikiyapapasa na vidole. Yule mama aliweka mgongo wake chini ya mvua ya mawe kwa ajili ya nyanya za watu, na baadaye akauweka kwa ajili yangu. Hakupanda mbegu ya kwanza kwa shamba la mtu tena, misimu yote hiyo, mpaka ameingia udongoni. Halafu wewe ukasimama juu ya kaburi lake na maikrofoni ukasema mlimsamehe.

Kyalo, mwethya bado iko, na Alhamisi ijayo inakaa kwangu. Waliobaki wa ule mwaka ni saba na wote wamesema watakuja. Mimi nitaanza, nitawaambia kwamba niliyevaa pampu ni mimi na niliyenyamaza nyuma ya ukuta ni mimi. Halafu itakuwa zamu yako. Nitakuwekea kigoda na nitakupa uji kwa kikombe cha bati, unywe vizuri, umalize, upanguse mdomo kama siku ile. Hakuna atakayekuharakisha. Ukimaliza, utuangalie sisi wote machoni na utujibu neno moja tu.

Uliiosha?